Fielder Gani?

"Nataka shokomzoba za Fielder." Katika maduka ya spea ya Kirinyaga Road, katikati ya Nairobi, anayetamka maneno hayo huamini amekwisha kusema kila kitu. Mtu wa kaunta anajua kwamba hajaambiwa lolote. Fielder gani? NZE121, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 2000? NZE141, iliyoipokea mwaka 2006? Au NZE161 ya kuanzia 2012? Za mbele au za nyuma? Kulia, kushoto, au jozi nzima? Na anataka orijino mpya, eksi-Japani iliyofunguliwa kwenye gari jingine, au mpya ya bei nafuu kutoka Uchina? Maswali haya yakimwagwa kwa mkupuo, uso wa mteja hubadilika. Anahisi anahojiwa, au anahisi kwamba muuzaji anapima ujinga wake ili ajue atamtoza kiasi gani.

Wafanyakazi wa maduka haya hukutana na kila aina ya tabia kutwa nzima: ukali, ubishi, dharau, kujifanya mjuzi, kutaka kuhudumiwa kabla ya wengine. Mara nyingi lawama huangukia mji wenyewe, kwamba Wanairobi hawana subira. Anayesimama kando ya kaunta asubuhi moja huona jambo tofauti. Wateja wengi wa spea wameshakasirika kabla hawajaingia dukani. Gari limekwama siku ya kazi. Fundi ametaja kifaa ambacho mwenye gari hajawahi kukiona. Sasa atatoa pesa kununua chuma kilichofungwa ndani ya boksi, na hana njia ya kukikagua. Fundi anajua zaidi yake, muuzaji anajua zaidi yake, hata kijana anayebeba maboksi anajua zaidi yake. Kinachoonekana kama ubishi, kwa sehemu kubwa, ni woga wa kuibiwa. Mhudumu anayelielewa hilo hufanya kazi tofauti kabisa na yule anayeona mbele yake mtu mkorofi tu.

Barabara yenyewe ina kumbukumbu nzito kuhusu mteja na mhudumu. Zamani iliitwa Grogan Road, kwa jina la Ewart Grogan, mlowezi Mwingereza aliyepata sifa kwa kusafiri kutoka Cape hadi Cairo. Mwaka 1907 Grogan aliwachapa viboko hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi, Waafrika waliokuwa wakivuta riksho. Kosa walilodaiwa kutenda ni kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamepanda riksho hizo. Grogan alipewa kifungo kifupi, kisha maisha yakaendelea, na barabara ikabeba jina lake hadi baada ya uhuru ilipopewa jina la mlima. Hata hivyo mafundi wa jua kali walioko upande wa mto bado husema wanafanya kazi "Grogan".

Ugumu wa kaunta ya leo una chanzo cha karibu zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 magari ya Kenya yalikuwa ya aina chache, yaliyouzwa na kampuni chache kubwa. Peugeot 404 na 504 zilijulikana hata na kijana aliyefagia gereji. Mapema katika miaka ya 1990 serikali ilipolegeza udhibiti wa fedha za kigeni na uagizaji, magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika kupitia bandari ya Mombasa. Kiwango cha KS 1515:2000 kinakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na kwa sababu ushuru hupungua kadiri gari linavyozeeka, wanunuzi wengi huchagua lililo karibu na ukomo huo. Hivyo gari linapofika Nairobi, bushi, beringi na shokomzoba zake zimekaribia kuchoka. Tena mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe. Kitabu chake cha mwongozo ni cha Kijapani, vibandiko chini ya boneti ni vya Kijapani, na mwenye gari anaendesha kitu asichoweza kukisoma.

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, na makala hayo yakachangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ilikuwa hii: muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui, mnunuzi hukataa kulipa bei ya kitu kizuri, kwa kuwa hawezi kukitofautisha na kibovu. Mwenye kitu kizuri hukata tamaa na kuondoka sokoni, na wenye vibovu ndio wanaobaki. Kirinyaga Road inaeleza hoja hiyo vizuri kuliko darasa lolote. Filta ya oili, plagi na pedi za breki ni miongoni mwa spea zinazoigwa sana, na boksi la feki huweza kufanana na la orijino hadi rangi. Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008 na kuunda mamlaka ya kuisimamia. Lakini maofisa hawawezi kusimama kwenye kila kaunta, na mteja anaijua hali hiyo. Akiambiwa bei ya orijino halisi, jibu lake la kwanza ni, "Kule mbele wanauza nusu ya hiyo."

Huenda anasema kweli. Mhudumu anayejibu, "Basi nenda ukanunue huko," amempoteza mteja na amethibitisha woga wake. Wenye uzoefu hufanya jambo rahisi: huweka viwango vyote viwili au vitatu juu ya kaunta, hutaja bei ya kila kimoja, husema kila kimoja kimetoka wapi, kisha hunyamaza. Mteja anavishika, anavipima uzito, anasoma maandishi. Hajawa mtaalamu, ila sasa anachagua yeye. Mabishano mengi huishia hapo.

*

Kwenye kaunta ya spea ni nadra mteja kuja peke yake. Hata asipoandamana na mtu, fundi yuko kwenye simu. "Ongea na fundi wangu," mteja husema akinyoosha mkono, na hapo ndipo utatu mgumu unapoanza: mwenye gari anayelipa, fundi anayeamua, na duka linalowahitaji wote wawili. Mwenye gari atanunua spea mara chache kwa mwaka. Fundi mwenye kazi nyingi atanunua kila siku. Kwa hiyo duka lina sababu nzuri ya kumpendeza fundi, na katika biashara hii kumpendeza fundi kumekuwa na maana ya kumwachia chochote juu ya bei.

Utaratibu unafahamika. Fundi hupiga simu mapema na kuelewana na duka. Mwenye gari akifika, hutajiwa bei iliyoongezwa, na tofauti hurudi kwa fundi kwa M-Pesa jioni. Wanaoutetea husema fundi ametumia nauli na muda kutafuta kifaa, naye anastahili malipo. Anastahili, na angeweza kuyadai waziwazi kama sehemu ya gharama ya kazi. Kinachoharibu biashara ni usiri. Mwenye gari anayegundua mara moja tu kwamba alilipa zaidi kwa sababu fundi wake alikuwa na mpango na duka hatamwamini tena fundi yeyote wala duka lolote, na wahudumu wasiohusika kabisa watabeba hasira yake kwa miaka. Malalamiko mengi ya wauzaji kuhusu wateja wenye shaka yanaanzia kwenye mkono huu wa siri.

Ndugu wa mchezo huo ni risiti ya uongo. Dereva wa kampuni, au fundi aliyetumwa na mwenye gari, hununua kifaa cha shilingi 5,000 na kuinamia kaunta: "Mkubwa, niandikie 8,000." Zamani ilikuwa ni kalamu na karatasi tu, na mhudumu aliyekataa aliitwa mbaya. Tangu Mamlaka ya Mapato ya Kenya ianzishe mfumo wa ankara za kielektroniki wa eTIMS mwaka 2023, mambo yamebadilika. Ankara hufika kwenye kompyuta za mamlaka hiyo, na kuanzia Januari 2024 kampuni isiyo na ankara ya aina hiyo huwa na shida kuhesabu gharama zake. Duka likiandika 8,000, zile 3,000 ambazo halikuzipokea zinakuwa mauzo yake halali mbele ya kodi. Mhudumu sasa ana jibu lisilomtusi mtu: "Bosi, mashine haikubali." Angekuwa na haki ya kukataa hata bila mashine, lakini kijana wa kaunta anayehofia kupoteza kazi anashukuru kuwa na pa kuegemea.

Kisha kuna lile neno "ngoja kidogo". Maduka ya Kirinyaga Road yamebanana, na si kila duka lina kila kitu. Mteja akiuliza kifaa kisichopo, mhudumu humkaribisha kiti, hutoka kwa mlango wa nyuma, huchukua kifaa kwa jirani, hurudi nacho na kuongeza faida yake. Hakuna ubaya katika kutafutiwa kitu. Ubaya huja mteja anapomwona kijana yule yule akivuka barabara na boksi mkononi, kisha anatajiwa bei kana kwamba limetoka rafu ya juu. Anapoanza kubishana hapo, hana kosa. Mhudumu anayesema, "Sina hapa, lakini jirani anayo, nikuletee?" hupata faida ndogo leo na simu ya mteja huyo mwezi ujao.

*

Ukiacha katikati ya jiji na kufuata Waiyaki Way hadi Kangemi, au Ngong Road hadi Dagoretti Corner na kuingia Naivasha Road kuelekea Kawangware, kaunta hubadilika. Huku maduka ni madogo, yamekaa ubavuni mwa gereji, na mteja anajulikana kwa jina au kwa gari lake. Magari yanayotengenezwa Kangemi mengine yametoka Loresho na Lavington, mitaa ya wenye uwezo, yakiletwa na madereva au na wenyewe wakiwa njiani kwenda kazini. Fundi huwa yuko umbali wa hatua chache, mikono ikiwa na grisi.

Tatizo kubwa huku ni deni. "Nipe hiyo beringi, mwenye gari atatuma pesa jioni." Gari liko juu ya jeki, mwenyewe hapatikani, na fundi anataka kumaliza kazi. Duka likikataa, fundi ataenda duka la pili. Likikubali, linakuwa limemkopesha mtu lisiyemjua kupitia mtu linayemjua. Wenye maduka wanaodumu hujiwekea kanuni ngumu: deni huandikwa kwa jina la fundi, kamwe si la mwenye gari, kuna kiwango kisichovukwa, na la kwanza lisipolipwa, la pili halitolewi. Kutamka kanuni hiyo mbele ya mtu mnayekunywa chai naye kila siku kunahitaji ujasiri. Anayeitamka kwa upole, mapema, kabla hitaji halijaja, hupata ugomvi mdogo kuliko anayeitoa ghafla siku ya shida.

Umbali kati ya mitaa hiyo na jiji umezaa njia yake ya kazi. Fundi wa Kawangware hupiga picha ya kifaa kilichovunjika, huituma kwa WhatsApp Kirinyaga Road, hulipa kwa simu, na bodaboda huleta boksi kabla ya saa sita. Ni haraka, lakini picha haionyeshi kipimo. Beringi mbili huweza kufanana kabisa pichani, kumbe zimetofautiana milimita chache, na milimita hizo zinatosha kuirudisha bodaboda mjini. Nani alipe nauli ya pili? Swali hilo dogo limevunja urafiki mwingi. Dawa yake ni namba. Kila gari la Toyota lina kibao chenye namba ya chesisi, na spea zake kwa kawaida huwa na namba ya tarakimu kumi katika mafungu mawili, ambapo tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kifaa: 04465 ni pedi za mbele, 04466 za nyuma, 48510 shokomzoba ya mbele kulia, 48520 ya kushoto. Mhudumu aliyejifunza kuzisoma hamwulizi mteja maswali kumi. Humwomba kitu kimoja tu: picha ya kibao cha chesisi. Pasipo hiyo, husema, "Leta ile ya zamani." Mteja anayefika na chuma cheusi kimefungwa kwa gazeti ndiye mteja rahisi kuliko wote.

*

Mtihani mgumu wa kazi hii huja mteja anapotaka kununua kitu ambacho mhudumu anashuku hakihitajiki.

Gari linachemsha. Fundi amesema radieta imekufa. Mwenye gari amekopa, amefika na pesa mkononi. Mhudumu anajua kwamba gari huchemsha kwa sababu nyingi: themostati iliyokwama, feni isiyozunguka, hata kifuniko cha radieta kilicholegea, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya radieta nzima. Au taa ya injini imewaka kwenye dashibodi, mashine ya kompyuta imesoma hitilafu ya sensa ya oksijeni, na mteja anataka sensa. Lakini mashine huonyesha mahali dalili ilipojitokeza. Bomba la moshi linalovuja, plagi zilizochoka au waya uliokatika huweza kuleta ujumbe uleule. Mteja atalipa, atafunga sensa mpya, taa itawaka tena, na kesho yake asubuhi atarudi akipiga meza.

Mhudumu aseme nini? Hajaliona gari, wala yeye si fundi. Mwajiri anataka mauzo, na fundi atakasirika akisikia kaunta imepinga uamuzi wake. Njia wanayoichukua wahudumu bora ni kuuliza badala ya kuhukumu: "Fundi ameshakagua feni? Amejaribu kifuniko? Mpigie kwanza." Simu ikiwekwa kwa sauti ya juu, fundi na mhudumu wakazungumza mbele ya mwenye gari, wote watatu husikia kitu kimoja. Wakati mwingine fundi ana sababu nzuri na radieta inauzwa. Wakati mwingine mteja huondoka na kifuniko tu. Duka limepoteza mauzo ya siku hiyo. Huenda limeepuka ugomvi wa siku inayofuata, na huo ugomvi nao una gharama yake.

Ugomvi huo hutokea chini ya bango linaloning'inia karibu kila duka: bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Kwa spea za umeme bango hilo lina mantiki yake, kwani hitilafu ya nyaya ndani ya gari huweza kuunguza sensa nzima au alteneta dakika inapofungwa, na hakuna wa kuthibitisha kosa lilikuwa la nani. Wauzaji pia wamechoka na hila. Kifaa cha zamani hurudishwa ndani ya boksi jipya. Kifaa kilichofungwa kwa nyundo hurudishwa kana kwamba hakikuguswa. Ndiyo maana wengine huweka alama ndogo ya siri kwenye bidhaa zao, na jambo la kwanza wanaloangalia ni makovu ya spana kwenye nati.

Lakini bango si sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 inasema haki zake haziwezi kufutwa kwa makubaliano, na inahesabu kuwa ni udanganyifu kumwambia mtu kwamba bidhaa ni mpya ilhali imetumika. Sheria ya zamani zaidi, ile ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ina jambo ambalo kila mtu wa kaunta anapaswa kulijua. Mteja akieleza anachokihitaji na gari gani, akategemea ujuzi wa muuzaji, kifaa kinapaswa kufaa kwa kazi hiyo. Akija na jina mahususi la bidhaa na kuikazania, hali huwa nyingine. Kwa hiyo yale mazungumzo ya dakika mbili ya mwanzo, "Fielder gani?", yana uzito wa kisheria. Kuandika namba ya chesisi kwenye risiti humlinda muuzaji sawa na mnunuzi. Na tangu Aprili 2021 Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani husikiliza kesi zisizozidi shilingi milioni moja, ikitakiwa kuzimaliza ndani ya siku 60. Mteja aliyeuziwa kitu kibovu ana pa kwenda bila kupaza sauti dukani.

Ulaghai wa malipo hauhitaji maneno mengi. M-Pesa ilianza Machi 2007 na sasa ndiyo njia ya kawaida ya kulipia spea. Nayo imeleta mteja anayeonyesha ujumbe wa kutunga kwenye simu yake, na yule anayelipa, anaondoka na boksi, kisha anaomba muamala urudishwe akidai alikosea namba. Kanuni ya kaunta ni moja: pesa huhesabiwa imefika inapoonekana kwenye simu ya duka, na kifaa hakitoki kabla. Mteja mwaminifu hukasirika akisubirishwa. Akielezwa kwamba utaratibu ni wa kila mtu, akiwemo jirani wa duka, hasira hupungua.

Mtu anayekuja kuuza kifaa ni suala zito zaidi. Wizi wa vioo vya pembeni na taa ni janga la zamani la Nairobi, kiasi kwamba wenye magari huchonga namba za usajili kwenye vioo na kuvikaza kwa riveti. Aliyeibiwa hutumwa na marafiki "aende Grogan akavinunue tena". Anaingia dukani akiwa tayari amemhukumu kila anayesimama nyuma ya kaunta, na wauzaji waaminifu huumia kwa hilo. Njia ya kulisafisha jina la barabara iko mikononi mwao wenyewe, kwa kumfukuza kijana anayeleta kioo kimoja kwenye mfuko wa plastiki. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinamwekea anayepokea mali ya wizi kifungo cha hadi miaka 14.

*

Kuna wateja wanaoteseka kimyakimya, na wahudumu pia. Mwanamke mwenye gari huingia dukani, akauliza bei, na mhudumu akamjibu mwanamume aliyesimama karibu naye, ambaye pengine hata hawajuani. Au hutajiwa bei ya juu kwa dhana kwamba hajui. Upande wa pili, msichana aliye nyuma ya kaunta, anayezijua namba za spea kwa kichwa, huambiwa na mteja, "Dada, niitie mwanaume anayejua mambo haya." Wako wanaomwita mwenzao wa kiume, naye akageuka na kumwuliza msichana yule yule jibu. Kaunta inayoliacha hilo lipite kila siku inapoteza ujuzi iliyonao. Mwenye duka anapaswa kusema waziwazi, mbele ya mteja, "Huyu ndiye anayejua."

Mwanasosholojia Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha 1983, The Managed Heart, alichunguza wahudumu wa ndege na wakusanyaji madeni nchini Marekani, akaonyesha kwamba kuzuia hisia zako ili kulinda za mteja ni kazi, nayo inachosha kama kubeba mizigo. Wahudumu wa spea wanaifanya kazi hiyo wakiwa wamesimama kutwa, mara nyingi bila mafunzo zaidi ya yale waliyopata wakibeba maboksi. Juu yake huongezewa makato. Kifaa kisichofaa kikirudishwa na duka likapata hasara, baadhi ya waajiri humkata mhudumu mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 imeweka mipaka ya makato hayo: uharibifu au upotevu wa mali ya mwajiri huweza kukatwa, kwa kiasi kinachofaa, pale mfanyakazi alipoukusudia. Kosa la kawaida la namba moja ya chesisi halifiki hapo. Kijana anayejua kwamba kila kosa litatoka mfukoni mwake hatakubali kosa lolote mbele ya mteja, hata lililo wazi. Atabisha hadi mwisho. Ukali ambao mteja huuona kwenye kaunta mara nyingine umetoka ofisi ya nyuma.

Sasa kumeingia mteja wa aina mpya, mwenye gari la haibridi. Toyota Aqua ilizinduliwa Japani Desemba 2011, na kwa kuwa wanunuzi wengi huchagua gari lililo karibu na ukomo wa miaka 8, ilikuja kuonekana kwa wingi kwenye barabara za Nairobi miaka kadhaa baadaye. Betri yake kubwa imeundwa kwa vipande 20 vilivyounganishwa, na vikichoka vichache betri nzima hulegea. Mnunuzi huweza kuuziwa mpya, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa, au ya zamani iliyobadilishwa vipande vibovu tu, na kwa nje zote zinafanana. Bei yake si ya kubahatisha, na bango la bidhaa kutorudishwa halimtulizi mtu anayelipa kiasi hicho. Mteja huyu anataka dhamana ya miezi kwa maandishi, anataka kuona vipimo vya volti vya kila kipande kabla ya kulipa, na anataka jina la fundi atakayeifunga. Baadhi ya maduka, mjini na Dagoretti Corner, yameanza kununua vifaa vya kupimia na kupima betri hapo hapo mbele ya mwenye gari.